Kiatu cha Vitesi

Waliokuwa nasi wiki iliyopita watakumbuka tulimwacha Mwanasiti amesimama mlangoni, mtaani Buyenzi, Bujumbura, kabla hajatoa jibu. Rachidi, mwenye duka la vipuri vya pikipiki, alikuwa ametuma wazee kuleta posa kwa mara ya pili. Mara ya kwanza wazee huja kupima. Mara ya pili huja kuchukua neno.

Anayetusoma leo kwa mara ya kwanza asihofu, habari si ndefu.

Mume wa Mwanasiti, Massoudi, baba wa binti yao Lubna, alikuwa fundi wa pikipiki. Asubuhi moja alishika barabara ya Rumonge, mji ulio kando ya ziwa, akasema atarudi na samaki. Msafara wa magari ukashambuliwa njiani. Pikipiki yake ilikutwa imeungua, na karibu yake palikuwa na maiti isiyotambulika uso. Tajudini, rafiki yake tangu ujana, ndiye aliyeitwa chumba cha maiti. Alichokitambua ni kiatu cha kushoto.

Kiatu cha kushoto cha mwendesha pikipiki huliwa juu ya vidole, pale panapopandishia vitesi, yaani gia. Mafundi wa Buyenzi hukiita kiatu cha vitesi. Wengine wakikiona kimechakaa hukitupa. Massoudi hakuwa mtu wa kutupa. Alikata kipande cha mpira mwekundu wa lori, akakishona pale juu kwa uzi wa nyavu.

Tajudini alipokiona kile kiraka chekundu, hakutazama kitu kingine. Alilia, akamwosha maiti kwa mikono yake, na wanaume wakazika jioni ileile kabla ya saa ya kutotoka nje. Mwanasiti hakumwona. Alicholetewa ni mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, ndani mna kiatu. Hakuufungua. Mama mkwe wake, bi Khadidja, aliuchukua na kuusukuma chini ya kitanda chake.

Eda ikaisha. Lakini masikio ya Mwanasiti hayakukubali.

Kwenye bomba la moshi la pikipiki yake Massoudi alikuwa ameacha nati moja bila kuikaza, kwa makusudi, icheze. Ilipoanza kulia kwenye kona ya avenyu, Mwanasiti huko ndani alijua ni wakati wa kuweka maji ya kuoga. Sasa mume yuko kaburini, na nati bado inalia. Mara mbili alijikuta amebeba ndoo hadi bafuni, akasimama pale na maji yake kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Basi wazee wa Rachidi wakangoja mlangoni.

“Wakishafunga nafasi ya Massoudi,” alisema Mwanasiti, “nitakubali.”

Wazee wakatazamana, wakaridhika. Kila mtu Buyenzi anajua nafasi ni nini.

Zamani, kila sikukuu ya Uhuru, waendesha pikipiki wa Buyenzi walikwenda Rumonge kwa mstari mmoja na kukusanyika huko na wenzao siku tatu, kwa michezo na mishikaki. Vita ilipofunga barabara, mkutano ukahamia uwanja wa hapohapo mtaani. Mstari ulibaki vilevile. Kila mtu ana nafasi yake, na akifa, haijazwi. Kwenye mkutano unaofuata, siku ya kwanza mstari hupita mjini na pengo lake. Siku ya pili pengo hufungwa: familia huleta kiatu cha vitesi cha marehemu, yule atakayerithi nafasi hukivaa, huzunguka uwanja mara moja, kisha husomwa Fatiha. Shehe hunung'unika kila mwaka kwamba jambo hilo halimo katika kitabu chochote, na kila mwaka huja.

Baada ya hapo, mtu amekufa kweli.

Nafasi ya Massoudi ilikuwa ya tatu.

Mwaka ule Uhuru iliangukia Jumatatu. Ikapangwa: Jumamosi mstari, Jumapili kiatu, Jumatatu baada ya Alasiri, ndoa.

*

Jumamosi mtaa ulinuka petroli na nyama ya mbuzi. Waliotoka Gitega walikuja na pikipiki zao zimepakiwa juu ya lori, kwa sababu ya barabara, na wenyeji wakawacheka kwamba wamezileta kama wagonjwa. Wale wa Gitega wakajibu kwamba afadhali kubebwa na lori kuliko kubebwa na petroli iliyochanganywa maji, kama ya Bujumbura.

Mwanasiti alikaa kwenye benchi kando ya barabara na Caritas, jirani yake. Caritas alikuwa Mkristo wa mtaa wa Cibitoke. Nyumba yake ilipochomwa alikimbilia Buyenzi na binti yake, Orlane. Mumewe, Bonfils, alikuwa seremala aliyezoea kuazima pikipiki ya Massoudi kubebea mbao. Majira yaleyale aliyokufa Massoudi, Bonfils aliaga kwamba anakwenda mtaa wa Gihosha kuezeka nyumba ya mtu, asionekane tena. Baadaye msafiri mmoja aliapa kwamba alimwona Kigoma, amenenepa. Caritas aliishi kwa neno hilo.

Wanawake hao wawili walikuwa wameshikana kwa msiba. Mwanasiti alipokwenda makaburini, Caritas alikwenda naye na jembe dogo, akapalilia lile kaburi kama la ndugu yake. Alizoea kusema, “We Mama Lubna, afadhali uko na pa kulilia.”

Siku hiyo Caritas alijifunga kitenge cha kijani, kizuri, ila pindo lake moja lilikuwa limekatwa.

“Mama Orlane,” Mwanasiti alimtania, “kitenge chako kimeliwa na panya.”

“Panya yenyewe iko na ndevu,” alijibu Caritas. “Na iko Kigoma.”

Wakacheka. Ilikuwa mara yao ya kwanza kucheka siku nyingi, na Mwanasiti aliona kicheko kinamuuma mbavu kama mtu aliyebeba mzigo kwa upande usiozoea.

Bi Khadidja alikaa nyuma yao kwenye kiti chake, tasbihi mkononi. Mama huyu kuhusu ndoa hakuwahi kukataa wala kukubali. Kwanza alisema wangoje mvua ziishe. Zilipoisha, akasema wangoje Lubna afanye mitihani. Na kila jioni alipakua sahani ya ziada, akaifunika, akaiweka kando. Watu walisema ni uzee. Mwanasiti naye alisema hivyo.

Asubuhi ile, alipoombwa mfuko wa kiatu, bi Khadidja alijibu kwamba mambo ya viatu ni ya kijinga, shehe mwenyewe hayapendi, wamwachie mwanawe apumzike. Mwanasiti alitafsiri moyoni: mama hataki niolewe. Alinyamaza, akangoja mama mkwe asimame kuswali Dhuhuri, akapiga magoti, akauvuta mfuko kutoka chini ya kitanda. Hakuufungua. Aliuficha ndani ya kikapu, chini ya kanga.

Mstari ukatokea.

Tajudini mbele, mgongo umenyooka kama bwana harusi. Wa pili nyuma yake. Kisha pengo.

Watu walinyamaza, kama ilivyo desturi. Wanaume walivua kofia. Lilikuwa pengo la urefu wa pikipiki moja, vumbi tupu linatembea kwa mwendo wa wengine.

Lilipofika mbele ya benchi, Mwanasiti aliisikia nati.

Ililia wazi, haraka-haraka, kama inavyolia mtu anapopunguza mwendo akikaribia nyumbani. Ikampita. Ikaenda na pengo kuelekea mtaa wa Nyakabiga. Alishika mkono wa Caritas hadi Caritas akaguna.

“Umesikia?”

“Kitu gani? Apana, mi sikusikia kitu. Ni vumbi tu, Mama Lubna.”

Mwanasiti akageuka nyuma. Bi Khadidja alikuwa ameacha kuvuta tasbihi. Kichwa chake kilikuwa kimeinuka na kuelekea Nyakabiga, na midomo yake ilikuwa imefunguka kidogo.

Macho yao yalipokutana, mama mkwe alirudi kwenye tasbihi yake.

*

Jumapili michezo ilianza na shindano la polepole. Hapo hashindi anayefika mbele. Anashinda anayefika mwisho, mradi asiguse chini kwa mguu. Waendesha pikipiki watu wazima waliyumba kama walevi, na watazamaji wakawapigia kelele, mmoja akimuuliza jamaa wa Gitega kama amelala au amekufa. Massoudi alikuwa bingwa wa mchezo huo. Aliweza kuisimamisha pikipiki papo hapo kama ameifunga kwenye mti.

Mwanasiti hakutazama. Alitazama kikapu chake.

Rachidi alikuwa upande wa pili, kanzu imepigwa pasi, amesimama mbali kwa adabu. Hakuwa mtu mbaya. Tangu eda iishe hakuwahi kupita mbele ya nyumba bila kwanza kukohoa kutoka mbali. Mwanasiti alijiambia kwamba nafasi ikishafungwa leo, kesho atamtazama mtu huyu usoni kama anavyostahili.

Shehe akaitwa. Pikipiki zikapangwa, pengo likaachwa, na Moubarak akasukuma ya kwake hadi kando ya pengo. Moubarak alijifunza ufundi kwa Massoudi, na ndiye aliyechaguliwa kurithi nafasi. Alikuwa amevua kiatu chake cha kushoto, na mfukoni mwake yalitokeza matambara ya kujazia kiatu.

Tajudini akamtania ili kupunguza uzito. “Yanatosha kweli? Ule mguu ulikuwa kasia.”

“Nimeleta na soksi mbili,” alisema Moubarak. “Mi nilikuwa navaa viatu vyake nikienda msalani, natembea ndani yake kama mutu yuko katika mutumbwi.”

Watu wakacheka kwa upole. Hata shehe.

Mwanasiti akatoa mfuko. Nyuma yake alisikia kiti cha bi Khadidja kikisukumwa.

“Umeutoa wapi?” aliuliza mama mkwe, sauti ndogo.

“Chini ya kitanda, Mama. Nisamehe.”

“Urudishe.”

“Mama, watu wanangoja.”

Bi Khadidja alikaa tena, taratibu. Mwanasiti alipeleka mfuko katikati ya uwanja. Fundo lilikuwa gumu. Tajudini ndiye aliyelifungua, akatoa kiatu, akakiinua wote wakione. Kiraka chekundu kilikuwa palepale.

“Allah amrehemu,” wakasema.

Moubarak alikaa juu ya pikipiki, akakunja tambara la kwanza tayari, akaingiza vidole.

Vikaishia hapo.

Alisukuma. Akalegeza kamba, akasukuma tena. Akavua soksi. Kisigino kilibaki nje chote, kimekaa juu ya ukingo wa kiatu.

“Iko inakataa,” alisema.

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni mzaha.

“Kiatu hukauka,” alisema Tajudini. “Kimekaa muda mrefu. Sukuma.”

“Yaya Taju, kaka yangu, hiki ni cha mutu mudogo.” Moubarak alikitoa mguuni. Alikitazama ndani, kisha akamtazama Mwanasiti, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba radhi. “Dada, hiki si cha fundi.”

Tajudini alikinyakua. Alibonyeza kiraka kwa dole gumba. “Hii ni kazi yake. Huu ni mushono wake, nani hajui mushono wa Massoudi?”

“Mushono ni wake,” alisema Moubarak. “Kiatu si chake.”

Mwanasiti alitega sikio; hakusikia nati. Alinyoosha mkono, akapewa kiatu. Alikipima kiganjani. Miaka yote aliyokuwa akiokota viatu vya Massoudi mlangoni aliokota kwa mikono miwili. Hiki kilimtosha mkono mmoja.

Kitu kilimpanda kifuani ambacho hakukitambua mara moja. Alipokitambua aliogopa, kwa sababu kilikuwa furaha.

Hapo ndipo alipoiona kamba.

Haikuwa kamba ya dukani. Ilikuwa ukanda wa kitambaa, umekatwa kwa mkasi na kusokotwa. Uchafu ulikuwa umeupiga, lakini ndani ya matundu, mahali ambapo jua halikufika, rangi ilikuwa imebaki. Kijani.

Mwanasiti alitaka kukifunika kiatu kwa kanga. Alichelewa. Caritas alikuwa ameshafika kando yake.

Caritas hakupiga kelele. Aliinama, akashika pindo la kitenge chake pale lilipokatwa, akalileta hadi kwenye kiatu. Vilikuwa kitu kimoja.

“Alisema kamba imekatika,” alisema. “Alikuwa anachelewa. Nikachukua mukasi.” Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayemweleza jirani alivyopika. “Alisema anakwenda Gihosha.”

Aligusa kiraka chekundu.

“Kiraka alishonewa na baba Lubna. Walikaa pale kwenye garaji, wawili, kila mutu na kiatu chake, wanacheka. Mi niliwapelekea chai.”

Akamgeukia Tajudini.

“We ndiye ulimuosha.”

Tajudini, ambaye jana yake alikaa kwenye pikipiki kama bwana harusi, alikuwa ameweka mikono yote miwili kichwani. “Nilimuosha, shemeji.”

“Ulimuosha muzuri?”

“Kama ndugu yangu.”

“Mukamuombea.”

“Tulimuombea.”

“Kwa jina gani?”

Tajudini aligeuka, akalitazama pengo la Massoudi.

Caritas akaitikia kwa kichwa, ego, ego, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayekubali hesabu iliyokwisha. Kisha akamtazama Mwanasiti, na Mwanasiti alikuwa radhi apigwe kuliko kutazamwa vile.

“Lile kaburi,” alisema Caritas, “nililipalilia mi mwenyewe.”

Akachukua kiatu, akakifunga ndani ya pindo la kitenge, akaondoka uwanjani kuelekea makaburini. Hakukimbia. Watu walimpisha. Mwanasiti alipotaka kumfuata, Caritas alisema bila kugeuka, “Apana. Leo acha niende mi.”

*

Shehe ndiye aliyeanza kurudiwa na akili. Alisema kwa upole kwamba Fatiha haiwezi kusomwa, wala ndoa ya kesho haiwezi kufungwa, kwa kuwa hakuna ajuaye kama mwanamke huyu ni mjane. Rachidi alisikia hukumu hiyo akiwa pale pale alipokuwa. Alikuja hatua chache, akakohoa kwanza kama kawaida yake.

“Mama Lubna,” alisema, “mi sitakusukuma.” Akarudi kwa watu wake, na kanzu yake iliyopigwa pasi ilionekana imekuwa kubwa kuliko yeye.

Tajudini akauliza wafanye nini na mstari. Injini zilikuwa zinaunguruma, na watu wa Gitega hawakujua kama waondoke au wavue kofia.

Wote wakamtazama Mwanasiti.

“Nafasi ya tatu iacheni,” alisema. “Na nyuma yake acheni ingine. Bonfils hakuwa wa chama chenu, lakini mulimuzika kama wenu.”

Mstari ukazunguka uwanja ukiwa na mapengo mawili. Moubarak aliendesha nyuma kabisa, mguu wa kushoto mtupu, matambara bado mfukoni.

Mwanasiti alirudi kwenye kiti cha mama mkwe wake. Alitegemea kumkuta analia, au anaanguka, au anamshukuru Mungu. Mama yeyote aliyesikia kwamba huenda mwanawe hakuzikwa angefanya mojawapo. Bi Khadidja alikuwa anavuta tasbihi.

Ndipo Mwanasiti alipoiona moyoni ile sahani ya ziada. Aliiona vizuri kwa mara ya kwanza, jioni baada ya jioni, imefunikwa na kuwekwa kando. Akakumbuka kwamba asubuhi zote hizo ilikuwa tupu, na kila mara alisema ni paka.

Alichuchumaa mbele ya kiti.

“Mama. Ulishaufungua ule mfuko.”

“Siku ya kwanza ya matanga,” alisema bi Khadidja.

“Ulijua kiatu ni cha nani?”

“Cha nani, sikujua. Naapa sikujua.” Macho yake yalikwenda upande aliokwenda Caritas, yakarudi. “Lakini mguu niliouzaa naujua.”

“Ukaniacha nikakaa eda. Ukaniacha nikalia juu ya kaburi la mume wa mwenzangu.”

“Nilikuacha.”

“Yuko wapi, Mama?”

Bi Khadidja alimshika mkono, akaubana kwa nguvu ambayo Mwanasiti hakujua kwamba bado anayo. Nyuma yao watu walikuwa wanalisema jina la Massoudi. Lilitoka kwenye benchi, likafika kwenye majiko ya mishikaki, likavuka hadi kwa wageni wa Gitega na kwa askari waliosimama kwenye kivuli cha ukuta.

“Teremsha sauti,” alisema mama mkwe. “Mutu akishazikwa, hata askari hawamutafuti tena. Ndiyo maana nilikaa na ule mfuko. Sasa leo, mwanangu, umemufukua mbele ya Buyenzi yote.”